Nilikwenda Kumkamata Mama wa Vidole

Dada Esperansi,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Ujiji, kwenye meza ya kulia, si bandani Kidahwe. Kwa nini sipo bandani nitakueleza, lakini kwa zamu yake. Nikianzia huko utakasirika kabla hujanisikiliza, na wewe ukikasirika nakujua, unanyamaza siku mbili.

Leo ni miezi mitano na siku kumi na moja tangu tukuzike. Ndiyo, nahesabu. Mwenyewe uliniita Bibi Mizani, ukasema siku ya kiyama nitamwuliza malaika anapima kwa mizani gani na nani ameigonga muhuri. Sijabadilika. Kazi inaendelea: tunapika sabuni ya gwanji mara mbili kwa wiki badala ya tatu, kwa sababu mikono imepungua. Mawese ya mwezi uliopita yalikuja na maji ndani, nikamrudishia mwenye nayo madumu manne kati ya sita, akaniapiza mpaka kwa babu zangu. Wavu wa dirishani umetoboka. Divina wako ametimiza miaka kumi na minane, na siku hizi ndiye anayekata miche ya sabuni. Anakata vizuri kuliko wewe, naomba usinune.

Sasa sikiliza nilichokifanya.

Ulipoanguka nilijua ni nani aliyekuua. Ulianguka Jumatano, siku sita baada ya kikao chako cha nne na yule mama anayepunga vidole. Mtu aliyekuwa anabeba dumu la lita ishirini kichwani kutoka barabara kuu mpaka bandani, mtu ambaye hata mafua alikuwa anayatukana mpaka yanaondoka, anakwenda kuchezeshwa macho mara nne, mara mdomo unakwenda upande na siku ya tatu hayupo. Niliweka hiki hapa na kile pale, nikapata jibu langu. Macho yameunganika na kichwa. Ukiyapeleka kulia na kushoto kwa nguvu, kitu ndani kinakatika. Nani angenibishia?

Nilikuonya, unakumbuka. Siku uliponisimulia tulikuwa tunakata miche, wewe umeshika waya wa kukatia upande ule, mimi upande huu. Ulisema, "Ananipungia vidole mbele ya macho, mimi navifuata, halafu ananiuliza naona nini." Nikakuuliza, "Na pochi yako ilikuwa wapi wakati huo?" Ulicheka mpaka waya ukakutoka mkononi na mche wa kwanza ukakatika mshazari. Nikasema hicho ni kiini macho, nimekiona sana mnadani. Ukaniambia, "Yoo, wewe mwana wa Ujiji, hata mvua ikinyesha unauliza nani kaituma."

Nilidhani unatibiwa vita. Na nani asingedhani hivyo? Umevushwa kutoka Burundi mgongoni mwa shangazi, hujui hata kaburi la mama yako liko kijiji gani. Nikakwambia, "Mambo ya zamani yamelala, unayaamsha ya nini?" Uliinama ukaendelea kufunga kile kipande cha kanga nyekundu, alama yako ya hatari, kwenye shingo ya chupa ya kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ukikikaza kama ulivyofanya kila siku tangu Divina aungue koo. Ukakifunga, ukakivuta, ukakifunga tena. Nilikuona. Nilitazama pembeni.

Siku ya mazishi alikuja, yule mama. Sista Odilia, nesi kutoka Kasulu, kiatu cha chini, mkoba mweusi. Alikaa na ndugu zako kwenye mkeka akalia kidogo kwa kitambaa. Mimi niliyepika nawe sabuni miaka kumi na sita nilikuwa jikoni naongoza masufuria. Nikamtazama mlangoni, nikasema moyoni: wewe, nitakuja kwako.

Nikaenda. Lakini sikwenda kugombana, maana mtu ukimgombeza anafunga mlango. Nilikwenda kama mgonjwa. Nikajiandikisha kwa jina langu halisi na ugonjwa wa uongo. Nilisema nina hofu ya mbwa, kwamba niliumwa nikiwa mdogo na tangu hapo sina raha. Kwenye mkoba nikatia tasbihi. Mungu anisamehe, sikuichukua kwa dhikri. Nilitaka kuhesabu vile vidole vinapita mara ngapi, ili nikienda kumshitaki niwe na hesabu mkononi.

Siku ya kwanza hakunyoosha hata kidole kimoja. Saa nzima ni maswali tu. Una presha? Unakunywa dawa gani? Una kifafa? Macho yanauma? Unakaa na nani nyumbani, na ukitoka hapa leo nani atakuwa karibu nawe? Nikawaza, huyu anajikinga. Kisha akaniambia nimfikirie yule mbwa, halafu nimwambie ananisumbua kiasi gani, kuanzia sifuri ambapo hakuna kitu, mpaka kumi ambapo haiwezekani kuzidi. Nikajibu haraka, "Nane." Akauliza, "Nane hiyo unaisikia wapi mwilini?" Nikababaika. Sikuwa nimeandaa jibu la mahali.

Nikaona bora nimshambulie. Nikasema, "Sista, mizani yangu ya dukani inakaguliwa kila mwaka na kugongwa muhuri. Hii ya kwenu anaikagua nani?"

Akasema, "Hii unaikagua mwenyewe, mama."

Dada, nilitoka pale nimefurahi. Nikajiambia nimeshamkamata. Mizani ambayo anayepimwa ndiye anayesoma, na ndiye anayetangaza uzito! Ningeuza sabuni hivyo ningekuwa gerezani.

Siku ya pili alinifundisha kujituliza. Alisema nichague mahali ambapo moyo wangu unakaa sawa, nipaone, nipanuse. Nilichagua banda letu asubuhi, sabuni ikiwa imeshika kwenye fremu na hakuna mteja. Hapo sikudanganya, ilinitoka tu. Akanifundisha pia kwamba nikitaka kusimama ninyanyue mkono, naye atasimama hapohapo bila kuuliza. Nikasema sawa. Kichwani nikasema, tutaona.

Siku ya tatu ndipo vidole. Anakaa pembeni kidogo, goti lake karibu na lako lakini halikugusi, ananyoosha vidole viwili na kuvipeleka kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayepangusa kioo. Wewe kichwa kinatulia, macho yanafuata. Tasbihi ilikuwa kwenye paja, chini ya mtandio. Punje moja kwa kila safari. Ishirini na nne. Akasimama, "Pumua. Kuna nini sasa?" Nikasema hakuna. "Haya, endelea na hilo." Ishirini na nne tena. Hapo akatupa jicho kwenye mtandio wangu akasema kwa ile sauti yake ya Kasulu, "Mama, ukihesabu huko, huku hupo. Lakini kama hesabu inakupa amani, hesabu." Niliona aibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Niliacha kuhesabu mara ya tatu. Ndipo mbwa akaja. Dada, mbwa ambaye hajawahi kuwepo duniani alikuja, na mdomoni alikuwa ameng'ata kipande cha kanga nyekundu.

Nilinyanyua mkono. Akasimama palepale, vidole bado viko hewani, akavishusha taratibu. Hakuniuliza nimeona nini. Na hicho ndicho kilichonitia wasiwasi zaidi. Matapeli wote niliowahi kukutana nao, na nimekutana na wengi, hakuna hata mmoja anayeacha ukimwambia acha.

Kwa hiyo nikamrukia. Nikamwambia, "Mimi sina mbwa. Nimekuja kwa ajili ya Esperansi. Wewe ndiye uliyemwua na vidole vyako."

Nilitarajia atalia au atafoka. Akasema yaliyosemwa na mtu ndani ya chumba kile hawezi kuyatoa, hata mtu huyo akiwa amekufa, hata mimi nikimpeleka kwa mkuu wa wilaya. Ila kama nataka kujua marehemu aliondokaje, nimchukue Divina, yeye ni mwanao, twende kwa daktari aliyekupokea, tumwulize tukiwa wote wawili. Akaongeza, "Na ukitaka kurudi, rudi. Njoo na mbwa wako wa kweli."

Nilimchukua Divina tukaenda. Daktari akatoa kadi yako ya kliniki ya presha. Dada. Dada mkaidi wewe. Visanduku viwili vya mwisho vilikuwa vitupu. Miezi miwili hukuchukua dawa! Niliishika kadi, nikaigeuza, nikaisoma mwenyewe mara tatu. Nikamwuliza daktari: na vikao vile, kulia kule, havikupandisha presha? Akasema hilo hawezi kulithibitisha wala kulikanusha, lakini presha ya kiwango chako bila dawa ilitosha kabisa peke yake. Mimi kila kikao niliulizwa kuhusu presha. Sina shaka na wewe uliulizwa, na sina shaka ulijibu "Ego, ndiyo, nakunywa," kwa uso uleule uliokuwa unanijibu mimi.

Hilo swali langu bado nimelishika, nisije nikakudanganya. Sijamsafisha Sista Odilia moja kwa moja. Lakini kesi niliyokwenda nayo ilikuwa imekufa mkononi, na nikarudi nina hasira kwa sababu sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi, Divina akafungua kitabu chako cha nyimbo za kanisani akatoa karatasi. Alisema ameikuta mle wiki mbili zilizopita na hakujua amwulize nani. Mwandiko wako ule mkubwa, herufi zimelala. Ulikuwa umeandika:

Chupa. Kwanza 9. Leo 6.
Ninavyojiona: mimi ni mama mbaya.
Ningetaka kuamini:

Na baada ya hapo hakuna kitu. Nukta mbili na karatasi tupu.

Divina akaniuliza kwa ile sauti yake iliyoungua, "Mama mdogo, chupa hii ndiyo ile ya kwangu?"

Haikuwa vita, kumbe. Ilikuwa siku ile. Ulikwenda kwa mgeni, ukakaa kwenye kiti, ukafuata vidole vyake mara nne, kwa ajili ya chupa.

Nikamwambia ndiyo, nadhani ndiyo. Akainama. Akasema, "Mwaka jana tuligombana, nikamwambia, ulinichoma wewe. Tangu hapo sikuwahi kumwita Mama. Nilikuwa namwita 'wewe'. Wewe, chakula tayari. Wewe, kuna mteja. Mpaka anaanguka alikuwa 'wewe'." Akalia pale kituoni, watu wanatazama, konda mmoja anapiga mluzi kutuuliza kama tunapanda.

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Mama yako alikupenda." Maneno matatu, na katika hayo matatu hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Nilirudi kwa Sista wiki hiyohiyo. Tasbihi niliiacha nyumbani.

Sasa nikwambie nilichomwambia, maana ni chako kabla hakijawa cha mtu mwingine yeyote.

Asubuhi ile tulikuwa na oda ya shule, miche mia mbili na hamsini, tukakoroga kostiki nyingi kupita kiasi. Maji ya kostiki yakabaki kama lita tatu. Mimi ndiye niliyesema tusiyamwage, yatatufaa kesho. Mimi ndiye siku zote niliyekuwa siwezi kuona kitu kinamwagwa. Wewe ukatia nusu kwenye chupa moja ya maji ya kunywa, ukaifunga kanga nyekundu shingoni kama sheria yako ilivyokuwa, ukaipandisha juu ya rafu. Mimi nikatia nusu nyingine kwenye chupa ya pili. Nilikuwa natafuta kipande cha kanga. Mteja akaita nje. Nikaiweka chini ya benchi, kivulini, mara moja tu, nikatoka kubishana naye kuhusu uzito wa mche.

Divina alikuwa na miaka mitano. Alikuwa ametoka kucheza juani. Aliona chupa ya maji.

Ulipopiga ile kelele ulikuwa umepiga magoti, chupa isiyo na kitambaa imelala miguuni pako. Ukasema, "Kimefunguka! Sikukaza! Nimemwua mwanangu!" Njiani kwenda hospitali, mtoto yuko mapajani pako anatoa povu, ulinigeukia ukauliza swali moja tu. "Ya kwako ulifanyaje?"

Nikasema, "Niliimwaga."

Niliimwaga. Ndivyo nilivyosema. Sijui lilitoka wapi, lilitoka limeshapangwa, kama bei ninayoitaja kila siku.

Jioni mlipolazwa nilirudi bandani peke yangu, jua bado lipo. Chupa yako ilikuwa juu ya rafu, imesimama, kanga nyekundu shingoni imekazwa mafundo mawili. Niliitazama. Kisha nikaiteremsha, nikafungua mafundo, nikamwaga kwenye shimo la majivu, nikaosha chupa. Kile kitambaa nikakidondosha chini ya benchi. Miaka yote kumi na mitatu jambo hili nimeliita "kusafisha". Nilirudi nikasafisha banda, nilikuwa nawaambia watu. Na watu wakanisifu, wakasema ndiye rafiki wa kweli huyo, wengine wanalia yeye anasafisha.

Vidole havikunikumbusha kitu, Dada. Watu wasije wakasema tiba ile inachimbua mambo. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa siangalii tu. Kila mawazo yangu yalipofika kwenye rafu ile niliyageuza, kama mtu anayejua njia fulani ina mbwa. Pale kwenye kiti macho yanakwenda kulia na kushoto na huna pa kuyageuzia tena. "Kuna nini sasa?" Rafu. "Endelea na hilo." Chupa. "Endelea na hilo." Mafundo. Nilisikia vidole vyangu vinafungua mafundo, kucha inaingia kwenye kitambaa kilicholowa. La kwanza. La pili. Nililia kilio ambacho sikujua ninacho, nikamshika Sista mkono uliokuwa unapunga, akaniacha niushike.

Tulianza na kumi siku ile. Vikao vitatu baadaye tulikuwa na saba, na saba ikagoma. Nikamwambia Sista, "Nasikia kwa wengine inafika sifuri. Ya kwangu ifikishe. Nimekuja kila wiki, sijachelewa hata dakika." Nilikuwa nadai kama nilivyozoea kudai.

Akasema, "Mama, kazi hii haifuti kilicho kweli. Uliyemwogopa akiwa hayupo tena, namba inashuka. Lakini kama kuna jambo halijafanywa, namba inaweza kukaa palepale mpaka lifanywe."

Nikamwuliza kwa ukali, "Kwa hiyo unanituma?"

"Sikutumi popote. Wewe ndiye unayesoma mizani."

Nilimchukia sana kwa hilo. Nilitembea kutoka kituoni mpaka Ujiji kwa miguu nikimtukana njia nzima, na bado nafikiri anapenda mno kusema vitu vya kupendeza masikioni. Lakini kitu kimoja hakikuniacha. Ulikufa ukiwa na sita, Dada. Ulianza na tisa, ukaishusha kwa jasho lako mpaka sita, ukiwa unasukuma mzigo ambao hata punje moja haikuwa yako. Mimi nilikuwa mbele yako upande wa pili wa waya, kila wiki, miaka kumi na mitatu, nakuona unafunga kitambaa unakivuta unakifunga tena. Na ulipokwenda kutafuta msaada nikakucheka. Nilisema ni kwa sababu siwaamini matapeli. Sasa najua nilikuwa naogopa nini. Niliogopa utakaa kwenye kile kiti, utatazama vizuri, na utaona kwamba fundo lako ulilikaza.

Jumamosi iliyopita nilimwambia Divina.

Alikuwa anakata miche. Nilimwambia aweke waya chini, akasema atasikia huku anakata. Basi nikamwambia huku anakata. Nilianza na oda ya shule, nikaenda moja kwa moja bila kuzunguka mpaka kwenye shimo la majivu. Sikusema "shetani alinipitia". Sikusema "nilikuwa kijana". Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Waya ulisimama katikati ya mche. Akasema, "Rudia."

Nikarudia yote.

"Mama alijua?"

"Sijui. Nadhani hakujua."

"Nadhani," akasema. Akacheka kile kicheko chake ambacho hakina sauti, hewa tupu. "Miaka kumi na mitatu umekula kwetu. Nikipelekwa kupanuliwa koo, wewe ndiye uliyekuwa unanishika kichwa. Mama alikuwa anashindwa kutazama, anatoka nje, na mimi nikawa namwona hana moyo. Nikawa nasema, angalau Mama mdogo anakaa."

Ni kweli nilikaa. Kila mara nilikaa.

Akanitazama. Ana macho yako, hilo unalijua. Akasema, "Nenda nyumbani, Mama mdogo. Usirudi hapa mpaka nikuite. Na nisipokuita, usiulize."

Ndiyo maana nakuandikia nikiwa Ujiji. Siku ya nne leo hajaniita. Ameniita Mama mdogo hata wakati ananifukuza, na hilo nimelishika, lakini sitaki kulipima, nisije nikajitangazia uzito ninaoutaka.

Unajua nilivyo. Jumapili asubuhi tu nilikuwa nimeshapanga wazee wa kumtuma: shehe wangu mmoja, mchungaji wenu mmoja, na yule mama jirani ambaye Divina anamsikiliza. Wangekwenda na kilo mbili za sukari, wangekaa, wangesema mtoto samehe, mkubwa wako amekiri. Na yeye angesamehe, maana mtoto mbele ya wazee watatu afanye nini? Niliwaza hayo yote kisha nikaona ninachokifanya. Namwandalia kitu cha kunywa tena bila kumwambia kilichomo ndani. Sijatuma mtu. Na sitatuma.

Kostiki anakoroga peke yake sasa, inaniuma. Nilimwandikia vipimo kwenye karatasi nikampa konda ampelekee. Karatasi imerudi. Nyuma yake ameandika: "Najua. Mama alinifundisha." Ameandika Mama, Dada. Nimekuwekea karatasi hiyo ndani ya barua hii.

Vikao bado vipo viwili. Nitakwenda. Sijaiamini tiba ile kwa moyo wote na sidhani nitaiamini, kuna mambo mengi pale ambayo nisingeyakubali dukani kwangu. Lakini nimeona ninavyolala siku hizi, na nimeona kwamba nikifikiria rafu ile sikimbii.

Kuna jambo moja limebaki na ndilo ninalokuahidi. Kaka yako wa Ilagala hajaacha kukusema. Hata matangani alisema, watu wanakula, kwamba Esperansi alikuwa mwema ila mzembe, kwamba yeye wanawe hakuwahi kuwaacha walale kwako tangu "alipomnywesha mtoto kostiki". Nilikuwa nimeshika sinia la wali. Niliwapakulia wote, naye nikampakulia.

Keshokutwa nakwenda Ilagala. Nimeshauliza gari linaondoka saa ngapi. Najijua, Dada: nikikaribishwa kiti, nikiulizwa habari za nyumbani na za Ujiji na za mawese, nikiletewa maji, nitapata pa kujificha, nitarudi nimewasalimia tu. Kwa hiyo sitakaa. Nitasimama pale pale uani, mbele ya mkewe na wanawe na yeyote atakayekuwepo, na kabla hajaitikia hodi yangu nitasema kwamba hukuwa wewe.

Pumzika, Esperansi. Sikuombi unisamehe kwa barua, hayo ni mambo ya uso kwa uso na zamu yangu haijafika.

Ni mimi, mwenzako wa upande wa pili wa waya,

Mwajabu